Kikombe cha Bariamu

Mbarara, saa tatu za usiku. Umeme umerudi.
Kwenye skrini yangu kuna nyota isiyo na jina;
ina namba tu, kama mgonjwa wa foleni.
Nuru yake nimeitandaza, toka zambarau hadi nyekundu,
kama mtu anavyoitandaza shuka dirishani kutafuta tundu.

Matundu ni machache. Hiyo ndiyo habari.
Jua letu limejaa mistari myeusi, maelfu,
msongamano wa soko siku ya gulio;
hii, chuma chake ni sehemu moja tu
kwa elfu tatu za chuma cha jua.
Sisi watu wa falaki, kila kilicho kizito kupita heli
twakiita metali, hata hewa tunayovuta,
na nyota kama hii twaiita fukara.

Nyuma ya ukuta huu kuna hospitali.
Huko, leo asubuhi, mama yangu Kabugho,
aliyeshuka kutoka Kilembe kwa basi la alfajiri,
alipewa kikombe cha kitu cheupe, kizito,
chokaa ya kupaka nyumba, ungedhani.
"Kunywa, mama," alisema Tumuhimbise wa picha.
"Usiteme."
Tangu mwezi wa sita bundu halipiti kooni.

Alimeza. Nikaona kwenye kioo
mto mweupe ukishuka,
ukafika mahali, ukasita,
ukajibana, ukawa uzi.
Tumuhimbise hakusema kitu. Alizunguka mashine,
akapiga picha nyingine, na nyingine.
Kizito huzuia mionzi,
na kwa kuizuia, huonyesha.

Sasa nimeukuta tena, pembeni mwa buluu,
nanomita mia nne hamsini na tano na kitu,
mstari mwembamba kuliko ukope wa kichanga:
bariamu ile ile.
Kaizuia nuru ya nyota, nami nikaiona.

Fukara huyu kaipata wapi?
Hakuipika mwenyewe. Ni nyota ndogo, bahili wa moto,
miaka bilioni kumi na tatu anaishi kwa kubana matumizi.
Aliachiwa.
Kabla yake palikuwa na majitu
yaliyozaliwa penye giza tupu, bila vumbi, bila kaboni,
haidrojeni na heli basi;
yakaishi kwa israfu, yakapasuka mapema,
wala hakuna aliyebaki tumuulize.
Mahali fulani katika moto ule
mbegu ya chuma ililishwa nyutroni,
tonge moja, ikakaa, moja tena, ikakaa,
au kwa mafuriko, kufumba na kufumbua
(hapo ndipo tunapobishana hadi chai inapoa),
mpaka ikawa nzito, ikawa hii.
Strontiamu nikishaipima nitajua zaidi kidogo.
Kidogo.

Jioni, wodini, nilimweleza mama.
"Fukara wa nini?" akauliza.
Wa chuma, nikasema. Wa shaba pia. Wa kila kitu.
Akacheka, akashika shingo.
"Baba yako alichimba shaba miaka kumi na minane,
akaacha koleo moja na deni dukani kwa Mbusa.
Sisi tulilala juu ya shaba, Masika.
Mbona hakuna aliyetuita matajiri?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na uji wa mtama,
mwepesi, umechujwa mara mbili.

Majibu yake yatatoka Jumatano.
Ya nyota, labda mwezi wa tatu, mwalimu akikubali.
Nimezima skrini. Nyuma ya ukuta
taa ya wodi yake bado inawaka,
na koo langu mimi linakumbuka
jinsi nilivyomeza mate kila alipomeza:
kijiko kimoja, kikakaa.
Kimoja tena.
Cha tatu akakirudisha.